Kioo Juu ya Paa la Bibi

Bibi tulimzika Jumamosi, na leo Jumatano bado nina vumbi la makaburini kwenye soli za viatu vya shule, kwa sababu ndivyo viatu vyeusi pekee nilivyonavyo. Mwalimu wa zamu alivitazama asubuhi, akafungua mdomo, akaukumbuka msiba, akaufunga. Namshukuru. Mimi nimezoea kuchapwa kwa makosa ya mdomo, ya viatu bado sijafika. Wanasema kumbukumbu za maisha huandikwa na wastaafu wenye miwani, wanaoanza na babu wa babu yao alikotokea. Mimi nina miaka kumi na minane, niko kidato cha tano, na babu wa babu yangu sina habari naye. Nina mwaka mmoja tu wa kueleza, ule wa kidato cha pili, nilipohamishiwa kwa Bibi kijijini baada ya shule yangu ya mjini, Nkuhungu, kuchoka na mimi. Majina nimebadilisha. Kijiji sitakitaja, kipo upande ule ambako ukishuka kwenye pikipiki unakuwa na rangi moja na barabara.

Nyumba ya Bibi ilikuwa ya tembe, ndefu na fupi kwenda juu, kuta za miti na udongo, paa la udongo pia, limelala bapa kama meza. Wanawe walitaka kumwekea bati, akakataa. "Bati lina kelele," alisema. "Mvua yenyewe hapa inakuja kwa kubembelezwa. Ikija nataka niisikie inasema nini." Lakini sababu ya kweli ilikuwa paa lenyewe. Kule kwetu paa la tembe ni ghala, ni jiko la pili, ni cheti. Wakati wa mvua wanawake huchuma mlenda porini na majani ya kunde shambani, wanapanda paani kwa gogo lenye panda, wanaanika, na majani yakikauka wanayatwanga na kuyaweka ya kiangazi, ambapo hakuna jani bichi hata la kumfukuzia nzi. Ukitaka kujua nyumba ina mwanamke wa maana, huangalii ndani. Unaangalia juu. Bibi alikuwa na paa lililosemwa mpaka kijiji cha pili. Nilikuwa nikilala chumba cha mwisho, pembeni ya mitungi, na asubuhi nilisikia miguu yake juu ya kichwa changu, polepole, na udongo kidogo ukinidondokea usoni. Nililalamika sana. Sasa hivi ningelipa nidondokewe.

Mjomba Yohana, mtoto wake wa mwisho, alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu Chang'ombe, mjini. Mwaka ule alikuwa ameanza kufunga umeme wa jua, na alitaka kitu kimoja tu duniani: kijiji alichozaliwa kimwamini. Watu wa kwao walimjua kama yule mtoto aliyefungua redio ya kanisa akashindwa kuifunga. Kwa hiyo mwezi wa kwanza, siku chache baada ya mimi kufika na sanduku langu, alikuja amefunga paneli nyuma ya pikipiki, imeviringishwa blanketi kama mgonjwa, na betri kubwa ya maji miguuni. "Nafunga kwa mama kwanza," alisema. "Kwa mama ikiwaka, kijiji kitakuja chenyewe. Isipowaka, basi mimi nitafungua simu zilizoanguka chooni mpaka nife."

Alifanya kazi siku nzima, na mimi nilimfuata nyuma nikiuliza maswali ya kijinga, na yeye aliyajibu kana kwamba ni ya akili. Hilo lilinishangaza. Walimu wangu walikuwa wamezoea kunijibu kwa mlango. Paneli aliilaza bapa juu ya paa, akaibana pembe nne kwa mawe, kwa kuwa paa la udongo halishiki misumari. Waya mbili zilishuka ukutani mpaka chumbani kwangu, zikaingia kwenye kiboksi kidogo chenye vitaa, ambacho alikiita kontrola, kisha kwenye betri iliyokaa juu ya kigoda mahali pa mtungi mmoja. "Sikiliza, Debo," aliniambia. "Paneli haiweki kitu. Inatengeneza umeme pale pale mwanga unapoigusa, mwanga ukiondoka imenyamaza. Anayeweka ni betri. Na betri ina tabia kama mlevi, haijui kusema basi. Ukiijaza kupita kiasi inaharibika, ukiinyonya mpaka chini inaharibika vilevile. Kontrola ndiyo inayosema basi, huku na huku." Kisha akanionyesha paneli kwa karibu, vile vipande vya samawati vilivyopangwa kwa mistari. "Hivi vimeshikana mikono. Umeona watu wakipokezana ndoo kutoka kisimani? Mmoja akisinzia, mstari mzima unasimama. Kivuli kikifunika vipande vichache tu, vyote vinadhoofu."

Haya yote aliyasema mchana, kwangu, huku Bibi akiwa shambani. Ningeandika hilo kwa herufi kubwa kama ingewezekana. Bibi hakuwepo.

Jioni taa tatu ziliwaka. Tulikula ugali wa uwele na mlenda wa akiba ya mwaka uliopita, na kwa mara ya kwanza niliona vizuri sahani ya Bibi ya bati, ile yenye maua, na nikaona kwamba maua yalikuwa yamefutika yote isipokuwa moja. Mjomba alishakwenda kusalimia nyumba za jirani, kuringa kidogo, haki yake. Bibi aliitazama taa, akanitazama mimi. Alikuwa akiniita mke mwenzake, kwa utani wa bibi na mjukuu.

"Mke mwenzangu, wewe umesoma. Kile kioo cha juu kinakula nini?"

"Kinakula jua, Bibi."

"Halafu?"

Na hapo ndipo mdomo wangu ulipofanya kazi yake. "Halafu kinatema joto. Wewe anika mlenda wako juu yake uone, utakauka kabla hujashuka kwenye gogo. Tena unaingia vitamini ya umeme. Ukiula, usiku unaona bila taa."

Bibi hakucheka. Alitikisa kichwa taratibu, akamega tonge. Nilidhani utani umeanguka, na mimi utani ukianguka nausahau haraka, kama paka anavyofukia. Nilikuwa na miaka kumi na minne na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kukosa kunicheka kwa sababu ameniamini.

Majuma matatu nyumba yetu ilikuwa kama gulio. Watu walikuja jioni kutazama, wanasimama mlangoni wakisalimia kwa lugha ya kwetu, "Mbukwenyi, mbukwenyi," wanakaa, wanaondoka wakiwa wamechaji simu. Wa kwanza kuagiza alikuwa Mzee Chilewa, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na fimbo ndefu, ambaye mkewe, Mama Nyemo, alikuwa rafiki wa Bibi wa kuchumia naye mboga. Mzee Chilewa aliuza dume la ng'ombe. Kule kwetu mtu hauzi dume kwa ajili ya kioo. Mjomba alipomfungia paneli, nayo akiilaza bapa juu ya tembe, na taa ikawaka, wazee wengine wanne walimwambia Mjomba, "Tuvune kwanza, halafu utupitie." Nilimwona Mjomba akienda nyuma ya zizi la mbuzi, akasimama peke yake, akapiga makofi mara moja.

Kisha mvua ikanyesha vizuri, mlenda ukaota, na taa zetu zikaanza kufifia. Mwanzo zilizima tukiwa tumemaliza kula. Baadaye zilizima tukiwa tunakula. Mwisho kontrola ikawa inawasha kitaa chekundu tangu jua kuzama, na mimi nikarudi kusomea kibatari, nikimwambia Bibi kwamba walau kibatari hakina jeuri. Nyumbani kwa Mzee Chilewa mambo yakawa hayo hayo, wiki ileile. Mjomba alifunga kibanda Chang'ombe akaja kwa pikipiki, akafika jua linaelekea kuzama. Alikuwa na kanuni yake: anzia kwenye taa, rudi nyuma mpaka kwenye jua. Akapima taa kwa mita ya umeme, nzima. Swichi, nzima. Betri, tupu. Akapanda juu. Paneli ilikuwa safi, inang'aa, lakini jua limeshalala, haikumwambia kitu. "Ni mawingu," alisema. Akarudi tena siku nyingine, jioni vilevile, na betri mpya aliyoitoa mjini, Majengo, kwa jamaa yake. Iliwaka siku mbili. Akabadilisha kontrola. Akabadilisha waya. Alikula kwetu, na Bibi alimwongezea mlenda, akisema, "Kula mwanangu, huu wa mwaka huu umekauka vizuri mno," na Mjomba akala, na mimi nikala, na hakuna hata mmoja wetu aliyesimamisha tonge.

Kisimani nilisikia wanawake wakizungumza, ndoo zikiwa zinajaa, hawakujua nimesimama nyuma ya mti wa mwiba.

"Kaleta vitu vya kichina vibovu."

"Kwa mama yake mzazi?"

"Ndiyo ujue. Anayemtapeli mama yake, wewe ni nani?"

"Hata redio ya kanisa aliiua."

Mmoja alicheka, mwingine akamwambia asicheke, dume la watu limekwenda. Nilikuwa na majibu saba ya kuwarushia, yote mazuri. Sikurusha hata moja. Nilirudi na ndoo nusu.

Tatizo nililigundua kwa sababu ya upumbavu wangu mwingine. Asubuhi moja mstarini niliigiza sauti ya makamu mkuu wa shule, bila kujua kwamba mwenye sauti yuko nyuma yangu. Nilirudishwa nyumbani saa nne. Nilitembea nikipiga mluzi, nikatokea kwenye uwanja wetu, jua likiwa kali, na nikamwona Bibi juu ya paa amepiga magoti. Pale paneli ilipokuwa hapakuwa na paneli. Palikuwa na mkeka wa majani ya mlenda, yamesambazwa sawasawa, pembe kwa pembe, kwa ustadi ule uliosemwa mpaka kijiji cha pili. Hakuacha hata upenyo wa kidole.

"Bibi! Unafanya nini?"

"Naanika. Si ulinifundisha mwenyewe?" Alikuwa akitabasamu. "Mke mwenzangu, hukudanganya. Saa nane tu naukusanya. Na kioo nakifuta vumbi kabla sijaanika, na nikimaliza nakifuta tena. Nimemwonyesha na Mama Nyemo."

Nilikaa chini, kwenye kinu. Saa nane anakusanya, anafuta, mimi bado niko shule, Mjomba anafika jua likizama na kukuta kioo kinang'aa. Nilimtazama akipapasa majani kwa viganja, yule mama wa miaka sabini na kitu, na nilielewa kwa mpigo jinsi umeme wa jua unavyofanya kazi, kuliko nilivyoelewa siku ile ya mfano wa Mjomba wa ndoo. Ulikuwa unatengenezwa asubuhi kule juu, na mimi ndiye niliyeuzima, kwa neno moja nikiwa na tonge mdomoni.

Mjomba nilimwambia Jumamosi, kwenye njia, kabla hajafika nyumbani. Nilimzuia pikipiki. Nilieleza yote bila utani hata mmoja, na hilo lilimwogopesha kuliko maneno yenyewe. Alizima injini.

"Umemwambia mama kwamba ni yeye?"

"Hapana."

"Usimwambie. Maisha yako yote, usimwambie." Akavua kofia. "Unajua watamwitaje? Aliyeua taa ya mwanawe kwa mlenda. Watamwimbia kwenye harusi. Paa lile ndilo jina lake, Debo."

"Na jina lako?"

"Mimi ni fundi. Fundi niliilaza bapa mahali ambapo mtu anaanika. Nilipaswa kuuliza paa lina kazi gani kabla sijapanda. Sikuuliza, na nimezaliwa chini yake."

Siku ile ile alichimba shimo pembeni ya nyumba, akasimamisha mti mrefu, akaifunga paneli juu yake imeinama kidogo kuelekea kaskazini, ili vumbi liteleze na jua la kwetu liipate vizuri, na mkono wa Bibi usiifikie. Akamwambia, "Mama, nilikosea, ilitakiwa ikae juu." Bibi akasikitika kwa ajili ya mlenda wake, akasema haya. Siku ya pili usiku kucha taa ziliwaka. Na Jumapili ya juma lililofuata, baada ya ibada, watu wakiwa bado wamesimama uwanjani, Mjomba alivua kofia tena akasema mbele ya wote kwamba kosa lilikuwa la fundi, aliifunga vibaya, anaomba radhi, na anaomba apande kwa Mzee Chilewa arekebishe bure.

Mzee Chilewa aliegemea fimbo. "Kwa mama yako umekosea, umerekebisha. Kwangu ulikuwa unajifunzia?"

"Niruhusu nipande mara moja tu, Mzee."

"Hupandi paa langu tena. Na kwa hawa wala hupiti."

Wale wazee wanne waliangalia viatu vyao. Mimi nilisimama kando ya kengele, mita tano hivi kutoka kwa Mama Nyemo, na nilijua nini kilikuwa juu ya paa lake saa ileile. Ningesema la kwake, wangeuliza amejifunza kwa nani. Nilibana meno. Mtu aliyewahi kunifundisha atakwambia kwamba mimi kunyamaza ni kazi ngumu kuliko hesabu, na sikuwahi kuifanya vizuri kama siku ile, na sijawahi kujichukia kama siku ile. Mjomba alirudi Chang'ombe kufungua simu zilizoanguka chooni. Alikuja kwa mama yake kila mwezi, akipita njia ya nyuma, ya makorongo, asikutane na watu. Mwaka uliisha, nikafaulu kwa taa ile, nikaondoka.

Miaka mitatu imepita. Jumamosi, baada ya mazishi, wanaume walikaa upande wa zizi, wanawake kwenye masufuria, na ubwabwa ulikuwa unagawiwa. Mjomba alikuwa amekaa chini na sahani yake, macho yamevimba. Mtu mmoja wa mjini akaitazama paneli juu ya mti wake akauliza ni nani aliyefunga, maana imekaa vizuri. Mzee Chilewa, amezeeka sasa, fimbo ileile, akajibu bila kugeuka. "Ni huyo hapo. Ya mama yake ndiyo inayowaka. Za wengine ni za kuangalia."

Watu wakacheka kicheko kile cha msibani, cha puani. Mjomba aliendelea kutafuna. Na mimi nikasimama. Sikuwa nimepanga.

"Shikamoo Mzee. Ile ya Bibi iliharibika kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyekuwa naanika mlenda juu ya kioo. Kikifunikwa hakitoi umeme. Mjomba alinifichia."

Hakuna aliyenitilia shaka. Ndiyo faida ya kuwa na sifa mbaya, ushahidi wako haupimwi. Mwanamke mmoja alisema, "Huyo! Si ajabu!" na mwingine akapiga kofi la mshangao. Mjomba alinyanyua kichwa akanitazama. Kwa nusu tu nilikuwa nimedanganya. Mkono ulikuwa wa Bibi. Neno lilikuwa langu.

Mzee Chilewa alinielekezea fimbo. "Na yangu? Yangu nayo ulipanda ukaanika wewe?"

Nilisimama pale, mdomo wazi, msemaji mkubwa. Kuni zilipasuka chini ya sufuria.

"Juu ya yetu nilianika mimi."

Alikuwa Mama Nyemo. Mwiko ulikuwa bado mkononi, unadondosha maji ya wali. "Nilimwona huyu mtoto akianika," alisema, "nikaiga." Alipokuwa akisema hivyo alinitazama mimi, si mumewe, na macho yake yalikuwa yamejaa. Alijua vizuri ni nani aliyempandisha kwenye lile gogo na kumwonyesha. Walikuwa wamechuma pamoja miaka arobaini. Ndiyo kwanza tumetoka kumfukia.

Mzee Chilewa aligeuka taratibu. "Na taa zilipozima?"

"Niliogopa kwamba nimeiua kabisa. Ulikuwa umeuza dume."

"Bado unaanika?"

"Kama haiwaki," alisema Mama Nyemo, "ningeiacha tupu ya nini?"

Mzee Chilewa alitazama ardhi mbele ya miguu yake. Midomo yake ilikuwa inafanya kitu kama kuhesabu, labda miaka, labda Jumapili. Kisha akajikongoja, akainuka, akavuka uwanja mpaka alipokaa Mjomba, akasimama juu yake kivuli chake kikiangukia sahani. Nilidhani atasema maneno. Wazee wa kanisa wana maneno yao kwa mambo kama haya.

"Jua bado lipo," alisema. "Una mita yako?"

"Ipo kwenye pikipiki, Mzee."

"Basi nawa mikono."

Mjomba alinawa. Walitoka wote wawili kwa njia kubwa, katikati ya watu, mmoja na fimbo, mmoja na ile mita ya njano, na Mama Nyemo akajifunga upya kanga yake akakimbia mbele yao, akawahi kuondoa majani.